Mwamuzi wa Makalio

Kazi niliyopewa ilikuwa kutazama makalio ya watu. Nimejaribu mara nyingi kuieleza kwa lugha ya heshima zaidi pale nyumbani Iyunga, Mbeya, na kila nilipojaribu mke wangu alizidi kucheka, kwa hiyo sasa naisema kama ilivyo. Katika mpira wa wavu wa kukaa wachezaji wote wanakaa chini, wavu unashushwa hadi mtu aliyekaa aweze kuufikia, na unapougusa mpira sharti makalio yako yawe yanagusa ardhi. Ukiyainua hata kwa upana wa kidole, ni kosa. Sasa lazima awepo mtu wa kuuona huo upana wa kidole. Mtu huyo nilikuwa mimi, na namna pekee ya kuuona ni kulala kifudifudi pembeni mwa uwanja, shavu kwenye nyasi, kipenga mdomoni.

Nilifika hapo kwa sababu ya dada yangu. Dada alipata polio utotoni. Anatembea kwa magongo mawili, na mguu wake wa kushoto umefungwa chuma. Ni fundi wa kushona, na kwa kuwa kazi yake ni ya kukaa kutwa nzima, presha ilipanda. Kliniki walimpa dawa na ushauri. Muuguzi, kijana mwenye nia njema kabisa, alimwonyesha bango ukutani, mtu amevaa raba anakimbia huku akitabasamu, akamwambia, "Mama, wewe tembea tu. Nusu saa kila siku."

"Mwanangu," dada akamjibu, "mimi nikitembea nusu saa nafika pale getini kwenu. Nusu saa nyingine ni ya kurudi. Hayo si mazoezi, hiyo ni safari."

Muuguzi akakuna kichwa, akamwelekeza kwa mtaalamu wa viungo, mwanamama mmoja mchangamfu aliyekuwa akikusanya watu wenye ulemavu kila Jumamosi kwenye uwanja wa shule. Siku ya kwanza dada alikwenda, akaona wenzake wako chini wanarushiana mpira, akageuza magongo kutaka kurudi.

Tatizo lilikuwa kukaa chini. Watu wa kwetu ni wema mno. Wakimwona mlemavu yuko chini, mikono inawawasha. Hawaulizi, wananyanyua. Dada amenyanyuliwa stendi, amenyanyuliwa sokoni, amenyanyuliwa kanisani katikati ya sala ya toba. Kwenye harusi ya binamu yetu alikaa mkekani kufunga kamba ya kiatu, wanaume wawili wakamkwapua na kumweka kwenye kiti cha kwanza walichokiona, ambacho kilikuwa cha meza kuu. Akakaa pale kando ya bibi harusi mpaka keki ikakatwa, maana hakuna aliyethubutu kumshusha.

"Nimenyanyuliwa kuliko gunia la mchele wa Kyela," huwa anasema. "Na gunia angalau linapimwa kwanza."

Mtaalamu wa viungo alimwelewa. Akahamisha mazoezi nyuma ya madarasa, ambako hakuna njia ya watu. Huko dada alikaa chini, akaupiga mpira wa kwanza, ukampata kapteni wa kikundi kwenye paji la uso, na tangu hapo hakukosa Jumamosi hata moja. Mimi niliyekuwa namsindikiza nikakabidhiwa kipenga. Alianza kulala usingizi wa maana. Presha ikashuka, sauti ikapanda. Aliona suruali zetu zinatoboka nyuma kwa kuburuzika, akaenda kwa fundi makochi akaomba vipande vya ngozi ya plastiki, akamshonea kila mchezaji kiraka. Tukawa timu pekee Mbeya ambayo ukitutazama kwa nyuma tunafanana na sebule.

Ndipo ukaja mwaliko kutoka Iringa. Kikundi kama chetu kilituita kwenye mechi ya kirafiki, uwanja wa usharika, Jumapili baada ya ibada. Maana yake watu wengi. Watu wema wengi.

Dada alifikiri siku mbili, kisha akaniita. "Mdogo wangu, nakwenda. Lakini sikiliza. Mtu akininyanyua bila kuniuliza, mbele ya kanisa zima, mpira basi. Sirudi Iringa, sirudi hata nyuma ya madarasa."

Mtu asiyemjua dada angedhani anatania. Mimi namjua. Aliwahi kugombana na muuza nyanya wa mtaani kwetu, tukala mboga bila nyanya msimu mzima, na nyanya zenyewe zilikuwa zinatupwa. Basi yake ni basi. Nikaondoka nikijua kwamba kipenga changu sasa kina kazi mbili, ya kuzuia makalio yasipande na ya kuzuia dada asipandishwe.

Dalili mbaya zilianza njiani, pale Chimala. Koasta yetu ilisimama tupate chakula. Kapteni wetu ni fundi viatu, miguu yake yote haina nguvu, anatembea kwa mikono akiwa amevaa kandambili viganjani, na kwa mwendo huo amewahi kumkimbiza mwizi wa gundi hadi akamkamata. Alikuwa ameshafika mlangoni mwa gari, anashuka zake, mara jamaa wawili wauza vitunguu wakamdaka. "Pole mzee! Pole sana!" Wakambeba juujuu, wakamvusha barabara, wakamkalisha kwenye benchi la mama ntilie na kumwagizia wali maharage.

Nilipomfikia alikuwa anakula kwa uso wa huzuni.

"Kapteni, vipi?"

"Nilikuwa naenda chooni," alisema.

"Sasa mbona unakula?"

"Wameshalipa. Ningesemaje?"

Dada aliyaona yote kupitia dirishani. Akavuta pazia. "Umeona?" aliniambia nilipompelekea chakula. "Na yule ni mwanamume mwenye ndevu."

Tulilala kwenye bweni la usharika. Asubuhi kulikuwa na baridi ya Iringa, ile inayopita kwenye koti na kukuuliza habari za nyumbani, na nyasi zilikuwa zimelowa. Wenyeji wetu walikuwa wamechora mistari kwa chokaa na kufunga wavu vizuri. Niliomba kipaza sauti ili niwatangazie waumini kwamba wachezaji watakuwa chini kwa hiari yao. Kipaza sauti kilikuwepo, kimefungiwa ofisini, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa.

Ibada ikaisha. Tukaanza. Nikalala kifudifudi, nikaelekeza jicho kwenye mstari wa makalio ya timu zote mbili. Mpira ulirushwa, ukarudishwa, na mimi nikainuka hewani.

Sikuinuka mwenyewe. Wanakwaya wawili walikuwa wamenishika, mmoja kila kwapa.

"Pole baba. Umeanguka?"

"Sijaanguka, mama. Mimi ni mwamuzi."

"Haya, pole, mwamuzi. Leteni kiti!"

Wakanikung'uta nyasi kwa khanga, wakaniketisha kwenye kiti cha plastiki, wakanipa na maji ya kunywa. Kutoka pale juu nilikuwa naona vichwa vizuri sana. Makalio sikuona hata moja.

Mlango wa huruma ulikuwa umefunguliwa. Viti vya ukumbini vikaanza kuja, vikipokezanwa mkono kwa mkono kama matofali. Nilipiga kipenga. Walidhani ninashangilia. Mchezaji mmoja wa Iringa alinyanyuliwa akiwa ameukumbatia mpira, akawekwa kitini, na alipojiona yuko juu kuliko wavu hakulalamika kabisa. Aliupiga mpira kwenda chini kwa nguvu zake zote, ukatua kwetu katikati, na kanisa likalipuka kwa vigelegele.

Nikakataa pointi. Kapteni wao alinijia akijiburuza kwa hasira. "Kosa gani? Makalio yanagusa kiti. Kiti kinagusa ardhi. Tatizo liko wapi, mheshimiwa?"

Nilikuwa bado natafuta jibu, maana hoja yake haikuwa mbaya, nilipomwona mama mmoja wa kwaya anavuka mstari wa chokaa. Alikuwa mama mnene, mwenye kitenge cha sare na macho ya huruma, na alikuwa amekunja mikono ya blauzi. Alikuwa anakwenda moja kwa moja kwa dada.

Nikakimbia. Niliruka watu, nikajikwaa kwenye wavu, nikaanguka kweli, na wanakwaya wangu wawili wakanikamata tena. "Huyu naye anaangukaga sana," nilimsikia mmoja akisema. Nikawa ninaning'inia hapo, siwezi kwenda mbele wala nyuma, ninatazama.

Mama alinyoosha mikono. Dada alikuwa ameshika mpira. Hakuurusha. Nilidhani atampiga nao.

"Kamwene, mama," dada akamsalimu.

Mikono ikasimama hewani. Huwezi kumnyanyua mtu aliyekusalimu kabla hujaitikia. "Kamwene, mwanangu. Njoo. Chini kuna baridi."

"Unataka kuninyanyua?"

"Ee, mwanangu. Upo chini."

"Umeniuliza?"

Mama akatazama kushoto, akatazama kulia. Uwanja mzima ulikuwa unamtazama. "Sijauliza," alisema.

"Nipo chini kwa sababu mpira upo chini. Nimetoka Mbeya kuja kukaa hapa. Hebu na wewe kaa, nikuonyeshe."

"Mimi?"

"Kwani wewe huna cha kukalia?"

Watu wakacheka. Mama angeweza kukasirika, lakini alikuwa mwema mpaka mwisho, na mtu mwema akiombwa jambo mbele ya usharika wake hana pa kukimbilia. Akashuka. Haikuwa shughuli ndogo. Kwanza alishuka kwa goti moja, akapumzika. Likafuata la pili, akaguna. Kisha akageuka upande, akaamua, na ardhi ikampokea. Dada akamrushia mpira. Mama alifumba macho na kuweka mikono usoni, mpira ukagonga kifua chake kipana, ukaruka, ukavuka wavu, ukatua ndani ya mstari.

"Pointi!" nikapiga kelele nikiwa kwenye mikono ya watu.

Baada ya hapo sikuweza tena kujua nani ni timu gani. Wanakwaya waliniachia, wakaenda kukaa. Mzee wa kanisa alivua koti akalikunja chini yake. Yule wa kwenye kiti aliomba ashushwe, kwa sababu sasa alikuwa peke yake huko juu na mpira haumfikii. Matokeo yalipotea. Nilirudi kulala kwenye nyasi, na naweza kutoa ushahidi kwamba yule mama, tangu alipokaa mpaka tulipomaliza, hakuinua makalio hata mara moja. Katika uamuzi wangu wote sijapata kuona mchezaji mwaminifu kama yeye.

Sababu tuliijua mwishoni. Watu walisimama, wakakung'uta nguo, wakaanza kurudisha viti. Mama alibaki. Alijaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu kwa wa kushoto, akatulia akajifanya anatazama mawingu. Magoti yalikuwa yamegoma. Vijana wawili wakamkimbilia, mikono tayari.

"Acheni!" Dada alikuwa bado hajaondoka mahali pake. "Mmemuuliza?"

Vijana wakasimama kama waliokutwa kwenye shamba la mtu.

"Mama," dada akauliza, "unataka kunyanyuliwa?"

Mama akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayeulizwa jambo hilo mara ya kwanza maishani. "Bado," alisema. "Leteni mpira kwanza."

Wakacheza wawili tu, yeye na dada, huku kila mtu akiwa amesimama anawatazama. Alipochoka, dada alimfundisha kuinuka kwa namna anayoifanya yeye mwenyewe, lala ubavu, kusanya goti, shika gongo, sukuma dunia. Mama akasukuma dunia. Akasimama mwenyewe, akatetemeka kidogo, na akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi mtaa wa Kihesa.

Kwenye koasta dada alipanda kwa namna yake, kinyumenyume, ngazi kwa ngazi akiwa amekaa, na konda alisimama kando mikono nyuma. Nilikaa jirani naye. Sikuthubutu kuuliza kama mpira bado upo. Tulipita Mafinga akiwa amefumba macho. Tulipokaribia Makambako ndipo alipofumbua macho.

"Jumamosi uje mapema," alisema.

"Sawa, dada."

"Na ulale chini vizuri, siyo kulala kama mtu wa ufukweni. Leo niliinua makalio mara mbili na hukuona."