Kipa Aliyeazimwa Wamaza

Mwezi wa nane ukiingia, mume wangu Nestor hakaliki naye. Hatulii, habishi, hacheki, na ukimwekea sahani ya sombe, majani ya muhogo, anaila amesimama mlangoni, macho yakiwa njiani. Miaka yote ya ndoa yetu nimeuchukia mwezi huo, na nina haki yangu.

Nestor ni fundi cherehani hapa Kasongo. Kibaraza chetu kiko kando ya njia ya sokoni, na mwezi wa nane ndio mwezi wa yunifomu. Wazazi wanakuja asubuhi na jioni kuulizia mashati meupe na sketi za bluu. Bahati mbaya, ndio mwezi ambao timu ya Mwangaza inacheza amikali zake, yaani mechi za kirafiki kabla ya shampiona, ligi yenyewe, kuanza. Nestor ni kipa wa Mwangaza tangu kabla hajanioa. Basi anashona mkono mmoja wa shati, anainuka, anaizunguka mashine, anaruka kugusa boriti, anarudi kushona mkono wa pili. Anayebaki kuwadanganya wazazi kwamba nguo zitakuwa tayari kesho ni mimi.

Nilitaka aache mpira, wala sikumficha. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia hakikunjiki tena. Siku nyingine ni mimi ninayempitishia uzi kwenye sindano, mimi ambaye ushonaji siujui. Fundi asiye na vidole atatulisha nini? Kila nikisema hivyo, alinijibu neno moja.

"Mama Euphrasie, siku jezi yangu itavaliwa na mutu mwingine, naacha. Mbele ya hiyo, hapana."

Jezi yenyewe ni ya kijani, na namba moja ya mgongoni aliishona mwenyewe. Kitambaa cheupe cha hiyo namba alikikata kwenye kilemba changu cha kwenda kanisani, bila kuniuliza. Hilo sijamsamehe hadi leo.

Mwaka huu timu ilikuwa na kipa wa pili, Dady, kijana mrefu, vidole vyote vizima. Nestor akazidi kuzunguka. Nilimwambia, "Amikali ni nini? Hakuna pointi, hakuna kombe. Acha Dady acheze ile, weye umalize sketi za watu."

"Ni mu amikali kocha anaangalia watu. Shampiona ikianza, amekwisha kuchagua."

"Kocha mwenyewe anasema haina maana!"

"Anasema tu," Nestor akajibu, akaruka tena kugusa boriti.

Ndipo timu ya wachimbaji dhahabu wa Wamaza ikaialika Mwangaza. Walikwenda kwa pikipiki, watatu watatu, na mimi nikajipakia nyuma ya mume wangu. Niliwaambia watu ninakwenda kumsalimia shangazi. Ukweli ni kwamba nilitamani kuwapo siku jezi hiyo itakapomtoka mwilini. Tulifika tumejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope.

Kesho yake, uwanjani, wachezaji wakiwa wamekwisha kuvaa, nahodha wa wachimbaji, Pitchou, mtu wa upande wa Kivu, alimwendea kocha wetu Salomon kuomba kipa, huku akijikuna kichwa.

"Mukubwa, samahani. Gardien wetu iko mu shimo. Shimo lake limegusa jiwe lenye dhahabu, sasa anakataa kutoka, anaogopa wenzake watalichukua. Utuazime mutu."

Kwenye amikali kuazimana ni jambo la kawaida kwetu. Aliyeazimwa anavaa jezi ya wale waliomwazima, anakula nao sahani moja, na hakuna wa kumlaumu kwa lolote. Kila mtu alijua ataazimwa Dady. Kipa wa pili ana kazi gani nyingine?

Kocha Salomon hakufikiri hata kidogo. "Nestor, wende uwasaidie. Dady, weye vaa jezi."

"Kocha," Nestor akasema, "Dady ndiye wa pili."

"Ni amikali tu, Nestor. Iko na maana gani?"

Mume wangu aliivua ile jezi polepole, kichwa kikabaki ndani kwa muda kabla hakijatoka. Dady akaivaa. Nilichokuwa nikikiombea kilikuwa kimetokea mbele ya macho yangu, nami nilipaswa kufurahi. Badala yake niliona kilemba changu mgongoni mwa mtoto wa watu, nikashikwa na hasira.

Wachimbaji walimpa jezi ya njano iliyomwishia kitovuni. Alisimama golini akienda mlingoti hadi mlingoti, vilevile anavyoizunguka mashine, nami nikawa ninatembea kwenye mstari wa pembeni, siwezi kukaa. Mwangaza walipiga, akadaka. Wakapiga tena, akapangua kwa ngumi. Wachimbaji walikuwa wanacheka kwa furaha. Katikati ya kipindi cha pili wakapata bao lao, mpira uliompita Dady katikati ya miguu.

Mwishoni Mwangaza wakapewa penalti. Mpigaji alikuwa Bienvenu, nahodha wetu, anayefanya mazoezi na Nestor kila jioni soko likifungwa. Nilimwangalia mume wangu, nikajua anachokifikiri. Akiuacha mpira uingie, kocha atasema amezeeka. Akiudaka, wenzake watamchukia. Nikaomba, na sikujua ninaomba nini. Bienvenu akapiga chini, upande wa kile kidole kibovu. Nestor akaruka, akautoa nje.

Filimbi ilipolia, watu wetu hawakukumbuka tena desturi. "Nestor, weye uko wa nani?" mmoja akapaza sauti. Mwingine akasema, "Ametuuza!"

"Mulimuazima ninyi wenyewe!" nikawafokea, mimi niliyekuja kuuzika mpira wake. "Mulisema ni amikali! Sasa inawauma nini?"

Nestor alikula na wachimbaji, wali na samaki, kama ilivyo desturi. Jezi ya mwenyewe hurudishwa filimbi ikilia, hilo nalo kila mtu analijua. Dady alikaa upande wa pili akiwa bado ameivaa, akimtazama kocha amwambie la kufanya. Kocha alikuwa na hasira ya kufungwa na watu aliowasaidia mwenyewe, akainamia sahani yake. Njia yote ya kurudi, pikipiki ya Dady ilikuwa mbele yetu, na ile namba moja ikawa inabadilika kuwa nyekundu kwa vumbi.

Tangu siku hiyo akatulia. Hakwenda mazoezini. Alikaa kwenye mashine akashona yunifomu zote, wazazi wakashangaa, wakanipongeza mimi. Alikula ameketi. Boriti hakuigusa tena.

Niseme nini? Nilipata mume niliyemtaka, na nilishindwa kumtazama. Nilikuwa ninaamka, ninafagia kibaraza kilichokwisha fagiliwa, ninakwenda hadi njiani, ninarudi. Siku moja nilijikuta mimi ndiye ninayeizunguka mashine.

"Papa Euphrasie, wende mazoezini," nikamwambia.

"Kufanya nini? Niliahidi." Akaendelea kukanyaga pedali.

Lakini amikali hurudishwa. Jumapili moja kabla ya shampiona, wachimbaji wakaja Kasongo. Nestor hakutaka kwenda. Nilimwambia ni aibu kutowasalimia watu uliokula nao sahani moja, nikamvuta mkono akiwa na shati lake la kanisani. Tulikuwa tumesimama karibu na benchi la Mwangaza pale Pitchou alipokuja, anajikuna kichwa vilevile.

"Mukubwa Salomon, utusamehe tena. Lile shimo limekwisha, gardien wetu amefuata dhahabu kwingine, hatujui hata ni wapi. Tunaomba Papa Nestor."

Watu wakacheka. Kocha hakucheka. Alimtazama Nestor na lile shati lake, halafu akamtazama Dady. Bienvenu akasema kwa sauti ya chini, lakini niliisikia vizuri, "Kocha, mimi sirudilie penalti mbele ya ule mutu."

"Nestor hatumuazime," kocha akasema.

"Mukubwa, ni amikali tu," Pitchou akamsihi.

"Amikali ao siyo amikali, huyu hatumuazime! Dady, vua jezi, wende uwasaidie."

Nikashika mkono wa mwanamke nisiyemjua. Dady alivua. Nilitazamia anune, lakini alimpa Nestor ile jezi kwa mikono miwili. "Shika, yaya," akasema, yaani kaka mkubwa. Ilikuwa imefuliwa, namba ni nyeupe kabisa. Nestor akalivua shati la kanisani, akanitupia, akaingia uwanjani bila kuniangalia.

Matokeo sitawaambia, kwa kuwa ilikuwa amikali tu.

Tulirudi nyumbani jua bado liko juu. Nikapakua ugali na sombe, nikauweka mkeka. Nestor akachukua sahani yake, akaenda kula amesimama mlangoni. Shampiona ilikuwa inaanza Jumapili inayofuata. Akamaliza, akaanza kutembea, akajigonga goti kwenye meza ya cherehani, akaendelea kutembea bila hata kusikia maumivu. Niliinuka, nikaivuta mashine hadi ukutani ili apate njia.