Brandi ya Baba Mkwe

Mwaka ule wa 2018 Baba alikaa kwangu Pearland, kando ya Houston, wiki tatu bila kusema lolote kuhusu ndoa yangu, na mimi si mtu wa subira. Nilimpeleka kanisani, nikampeleka kununua viatu, nikamwonyesha hospitali ninakofanya kazi ya uuguzi. Kila tulipokuwa garini nilimchomekea habari za mchumba wangu. "Hii barabara yeye huipita kila siku," nilisema. Baba akajibu, "Ni barabara nzuri." Basi, hadithi ikaishia hapo. Nilitamani kusimamisha gari katikati ya magari nimtikise.

Mchumba wangu ni Mzungu wa Wisconsin, jimbo la kaskazini kabisa, la maziwa na baridi. Tulikutana kazini. Baba hakuwa na neno baya juu yake. Hakuwa na neno lolote. Alikuwa ametoka Nakuru kuja kumwona na kuwaona watu wake, kisha arudi amweleze Mama, ambaye hapandi ndege hata umpe nini. Ningeweza kuolewa bila baraka ya Baba, najua. Nchi hii haina wa kunizuia. Lakini sikutaka kuolewa kama mtoto wa kuokotwa, na kadiri siku zilivyopita ndivyo hofu ilivyozidi.

Baba wa mchumba wangu alitarajiwa Jumamosi. Mkewe alifariki zamani, kwa hiyo angekuja peke yake. Ijumaa, Shangazi, dada yake Baba, aliendesha gari kutoka Garland, upande wa Dallas, akiwa na sufuria mbili kwenye buti na maoni yasiyohesabika.

Lazima nieleze desturi, la sivyo hutaelewa kwa nini niliogopa baadaye. Mama ni Mkamba na Baba ni Mkikuyu, ndiyo sababu nyumbani kwetu lugha ni Kiswahili, lakini mambo ya posa yalikuwa ya upande wa Baba. Wakwe wakija, huleta pombe. Binti huitwa, akaionja yeye kwanza, kisha akamkabidhi baba yake. Baba humwuliza mbele ya watu, "Tuinywe?" Akisema ndiyo, amekubali kuolewa. Akikataa, pombe hurudi ilikotoka. Na baba mtu akikataa kuipokea, hivyo hivyo, kila mtu anashika njia yake.

Sasa, Baba ameokoka tangu nikiwa darasa la pili na hajagusa pombe tena. Tulikubaliana tutatumia soda, kama wafanyavyo watu wengi wa kanisani. Nilimwagiza mchumba wangu amwambie baba yake aje mikono mitupu.

Mzee akaja. Alikuwa mrefu, fundi wa mabomba aliyestaafu, masikio yamemwiva kwa joto la Houston. Alimsalimu Baba kwa mikono yote miwili, akafungua begi, akatoa sweta nzito ya sufu. Ndani ya sweta mlikuwa na chupa ya brandi.

Nilimtazama mchumba wangu. Akainua mabega.

"Nilimwambia baba yangu asilete kitu," alininong'oneza. "Alisema hii si kitu, ni salamu."

Kwao, mzee alieleza, mtu haingii nyumba ya watu mara ya kwanza bila kuwachanganyia kinywaji cha kwao. Kwingine Marekani hukitengeneza kwa wiski, na neno hilo wiski alilitamka kama mtu anayemtaja jirani mwizi wa kuku. Akaomba gilasi nzito, chungwa, na kitu cha kupondea. Nikampa mchi wa kinu changu kidogo cha kitunguu saumu. Niliuosha mara mbili, lakini harufu ile haina adabu. Aliunusa, akacheka, akautumia hivyo hivyo.

Alitia kibonge cha sukari, akakidondoshea matone ya dawa fulani ya mitishamba, chungu kama shubiri. Akaongeza kipande cha chungwa na cheri moja, akaponda polepole, kwa upole wa mtu anayemwandalia mtoto chakula. Kisha barafu. Kisha brandi, bila kupima. Juu akamalizia na soda ya limau, na hiyo ndiyo soda pekee ya kwangu iliyofunguliwa siku hiyo. Mwisho akaweka chungwa jingine na cheri nyingine, za kupendezesha.

"Mwanaume anaponda jikoni?" Shangazi alisema. "Huyu tume-approve. Mwingine wa nini?"

Mimi sikucheka. Nyumba yangu haina ukuta kati ya jikoni na sebule, na Baba alikuwa kitini, anaona kila kitu.

Mzee akainua gilasi ya kwanza na kunipa mimi. Wanawake kwanza, ndiyo adabu yao. Nikaonja kwa heshima. Ilikuwa tamu, halafu ikapasha joto kifuani. Kisha akaniashiria kwa kidevu: sasa mpelekee baba yako.

"Ngai!" Shangazi akashika kiuno. "Nani alim-tell?"

Hakuna aliyemwambia. Nilisimama na gilasi ile mkononi na nikaogopa kwelikweli. Baba akinywa, amevunja ahadi yake na Mungu. Akikataa, amenikatalia mume mbele ya Shangazi, ambaye angeupigia simu ukoo mzima kabla pilau haijapoa. Nikavuka sebule, nikampa kwa mikono miwili. Akapokea. Akachungulia ndani ya gilasi, akaninyanyulia macho, akauliza kwa sauti yake ya mikutano:

"Tuinywe?"

"Ndiyo, Baba. Inyweni."

Lakini hakuinywa. Akabaki ameishika. Mzee wa Wisconsin akamwuliza mwanawe kuna nini, na alipoambiwa kwamba Baba hatumii pombe, maskini, uso ukamwiva kushinda masikio. Akanyoosha mkono airudishe gilasi, amtengenezee nyingine isiyo na brandi, kama wanavyowafanyia watoto kwao.

"No, no, no!" Shangazi aliruka. "Hairudi! Ikirudi imeharibika!"

Baba aliikumbatia gilasi kifuani. Akaomba kijiko. Akaitoa cheri, akaila. Akatoa kipande cha chungwa, akakila pia, taratibu, na ganda lake. Kisha akampa mkwe mwenzake gilasi amalizie, akamwambia kwa Kiingereza, "Karibu katika jamaa yetu."

Shangazi alipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani akajibu. "Lakini kaka, hiyo chungwa imelewa kukushinda!"

"Mimi nimekula tunda," Baba akasema.

Mzee alimaliza gilasi ile kwa mkupuo mmoja bila kuelewa alikuwa amefanya nini. Mwanawe alimweleza wakati wa kula, na mzee akalazimika kutoka nje kidogo, afute machozi.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kanisa, nilipika chai ya maziwa nikakaa na Baba mezani.

"Kijana ni mzuri," alisema. "Nilijua tangu wiki ya kwanza."

Damu ilinipanda. "Sasa mbona ulininyamazia? Wiki tatu, Baba!"

Alikizungusha kikombe chake. "Msichana akiulizwa swali lile, hunyamaza kidogo. Shangazi yako alinyamaza mpaka babu yako akarudia kumwuliza. Wewe ulijibu kabla sijafunga mdomo."

"Nilikuwa na haraka."

"Niliona. Mimi sikuwa na haraka ya kukutoa."

Hasira yote ikaniishia. Nilimtazama mikono yake kwenye kikombe, na nilimpenda kuliko nilivyojua kusema.

"Niulize tena," nikamwambia.

"Tuinywe?"

Nikanyamaza. Tukakaa tunatazamana, na chai ikafanya utando juu. Shangazi alipotoka chumbani na kofia yake ya kanisa, akiuliza kama tuko tayari, bado nilikuwa sijajibu.