Kona ya Tisa

Jirani yetu Kinyozi anasema kaka yangu alikuja anapaa.

Anasema alikuwa amesimama mlangoni mwa saluni yake, wembe mkononi, akaona gari la mikate linashuka mlima kwa mwendo wa mwehu. Anasema dereva alikuwa anacheka. Anasema gari halikujaribu hata kukata kona. Lilinyooka kama mtu aliyeitwa jina lake, likapanda ngazi tatu za saluni, likaingia bila hodi.

Kitini alikuwepo mteja mmoja, povu la sabuni bado liko shavuni. Mwalimu mstaafu.

Hakuinuka tena.

Hayo ni maneno ya Kinyozi. Kayasema polisi, kayasema mahakamani, na anayasema kwa kila kichwa anachokinyoa, mpaka yamelainika kama mpini wa jembe la zamani.

Kaka yangu yeye ana maneno mawili tu.

"Barabara ilinimwaga."

Anasema alikuwa kwenye mwendo wa arobaini. Kila siku alishuka ile kona na mikate, akijua kabisa kwamba barabara imelalia upande wa nje, ndiyo maana haendi zaidi ya arobaini. Siku hiyo kulikuwa na unyevunyevu kidogo. Ikammwaga.

Nitasema ukweli, maana ndio ulionileta hapa.

Mimi pia sikumwamini.

Nani angemwamini? Wiki mbili baada ya ajali, watu wa barabara walikuja wakaweka lami mpya. Hakimu alipokuja kuangalia mwenyewe, alikuta kona imelala vizuri kama mkeka. Akatembea juu yake na viatu vyake vyeusi, akamwangalia kaka, akatikisa kichwa.

Leo kaka ana miezi kumi na mitano rumande.

*

Mimi niliishia darasa la saba. Sina cheti cha kutundika ukutani. Ila nina kitu kimoja ambacho wengi hawana: naweza kukaa. Nipe kiti, nipe kitu cha kuangalia, nitakaa nacho mpaka kichoke chenyewe.

Ndivyo nilivyopata kazi.

Tangazo lilisema wanatafutwa watu wenye subira. Tukaenda thelathini na kitu, wengi vijana wenye vyeti. Tukakalishwa kwenye viti vyenye usukani na pedali, skrini mbele. Msimamizi, mwanamume mwembamba tuliyemwita Miwani, akasema: "Fuata ukuta wa barabara kwa saa mbili. Polepole."

Vijana wote wakakanyaga mafuta. Dakika kumi hazijaisha wameshasahau ukuta, wanashindana wao kwa wao.

Mimi nilifuata ukuta.

"Wewe umewahi kuendesha gari?" Miwani akaniuliza.

"Hata baiskeli ilinishinda."

"Basi umepata kazi, Kobe."

Jina likaniganda hapo hapo.

Lilikuwa gemu la mbio za magari, lakini si yale ya kitoto. Hili liliiga gari kwelikweli. Tairi ikiwa ya baridi linajua. Breki ikichemka linajua. Barabara zake zilipimwa kwenye barabara za kweli, shimo kwa shimo. Wenye gemu wako ng'ambo. Sisi kazi yetu ilikuwa kulijaribu kabla ya kutoka.

"Msije hapa kushinda," Miwani alizoea kusema. "Njooni mgonge."

Basi nikawa nagonga. Nasukuma gari kwenye ukuta, hatua kwa hatua, natafuta tundu. Maana matundu yalikuwepo. Ukipitia, gari linadondoka kwenye weupe mtupu, hakuna chini, hakuna mwisho, unaanguka tu umekaa kwenye kiti mpaka mtu aje azime mashine.

Na chumba chenyewe kilikuwa hivyo hivyo. Hakina dirisha. Simu zinafungiwa kwenye droo. Mlango wa kioo unafunguka kwa kadi ya Miwani tu, hata ukibanwa na haja unamtazama yeye kwanza.

Tulisaini karatasi. Ukionyesha, ukisimulia, ukipiga picha kabla gemu halijatoka, tukutane mahakamani.

Nikasaini. Familia yetu ilikuwa imeshaizoea mahakama.

*

Wiki ya tatu nikapewa barabara ya mlima. Kona kumi na moja. Ya kwanza mpaka ya nane hazikuwa na neno.

Ya tisa ikanitupa nje.

Nikapunguza mwendo. Ikanitupa. Nikaja kwa arobaini, mwendo wa kubebea mayai. Ikanitupa.

"Kobe anateleza kwa arobaini," jirani yangu wa kiti akatangaza, chumba kizima kikacheka.

Miwani akaja, akajaribu mwenyewe. Naye akatupwa. Kicheko kikafa.

Nikajaza fomu kwa mwandiko wangu wa darasa la saba: Kona ya Tisa inamwaga gari hata likiwa arobaini.

Miwani akaisoma, akatabasamu. "Kosa zuri sana hili. Mchezaji hapendi kuangushwa bila kosa lake."

Mwisho wa mwezi nikapigiwa makofi na kupewa kikombe chenye picha ya gari. Nikampelekea mama. Akawa anakunywea chai kila asubuhi.

*

Mwezi mmoja baadaye tukaambiwa tuendeshe kinyume, kutoka chini kwenda juu, maana kuna matundu yanayoonekana ukitokea upande huo tu.

Nilipokaribia Kona ya Tisa, nikaona nguzo ya umeme iliyoinama, imeegemezwa zege.

Ilifanana na ya mtaani kwetu.

Nikasogea. Pembeni ya barabara kulikuwa na ngazi tatu zilizopakwa nyekundu na nyeupe, zinapanda kwenda mahali ambapo hapakuwa na kitu. Wametoa nyumba, wametoa kamba za nguo, wametoa watu wote, wakasahau ngazi.

Ngazi za Kinyozi.

Hapo nikakumbuka. Mwezi mmoja kabla ya ajali lilipita gari mtaani kwetu lenye kitu kinachozunguka juu ya paa, linatembea taratibu kama linatafuta sindano. Mama alidhani wanakuja kuhesabu watu, akatandika kitanda.

Walikuwa wanapima barabara. Ile ya zamani, kabla ya lami mpya.

Miezi yote hiyo nilikuwa nazungushwa kwenye barabara ya nyumbani sijaitambua, kwa sababu dereva wa gemu anaijia kutoka juu, ngazi zinampitia chini ya boneti asizione, na sisi watembea kwa miguu tunaijia kutoka chini.

Nikapanda juu, nikageuza gari, nikashuka kwa arobaini.

Likateleza, likapanda zile ngazi tatu, likasimama pale kilipokuwa kiti cha mwalimu.

Nikarudia. Nikarudia tena. Siku ile nilishuka mara arobaini na moja, na mara zote arobaini na moja lilipanda ngazi zile zile.

Ndipo neno langu la kwenye fomu likanirudia. Inamwaga. Kaka alilisema miezi yote, mimi nikaliita kisingizio. Nililiamini lilipotoka kwenye mkono wangu.

*

Nikaenda kumwona. Kati yetu kuna wavu, na askari anasikiliza kila kitu.

"Kaka, nimekuamini."

Akanitazama. "Leo? Umeota?"

"Nimeiona kona. Ya zamani. Ipo mahali."

"Mahali wapi?"

"Siruhusiwi kusema bado."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepungua. "Mdogo wangu, mimi nimefungiwa mwili, wewe umefungiwa mdomo. Mama kazaa kufuli mbili."

Nilikuwa nimeshaongea na wakili wetu wa kujitolea, kwa mafumbo. Akaniambia: "Kitu kilichochotwa kwa siri kitamponza kaka yako. Kikitoka hadharani, nitakichukua mwenyewe na kukipeleka mezani kwa hakimu."

Na gemu lilikuwa linatoka mwezi unaofuata. Toleo la mapema, ndivyo walivyoliita. Chungu bado kiko jikoni lakini watu wanaruhusiwa kuonja na kusema chumvi haijakolea.

"Nisubiri mwezi mmoja," nikamwambia kaka.

"Nitakusubiri. Mimi nina safari gani?"

Ningeweza kumwambia Miwani ukweli siku ile ile, nikamwomba aivute fomu yangu. Niliiogopa karatasi niliyosaini. Nikajipa moyo: kila asubuhi, kabla ya kazi, nilishuka Kona ya Tisa mara moja. Bado inamwaga. Nikatulia.

Sikujua kwamba kwenye mashine zetu tulikuwa tunajaribu toleo la zamani, na huko ng'ambo fundi ameshashika fomu yangu.

*

Lilitoka siku mbili kabla ya tarehe. Saa tatu asubuhi. Tukafungiwa ndani, hakuna kutoka mpaka jioni, maana malalamiko ya wachezaji yalikuwa yanamiminika na sisi ndio wa kuyachambua.

Sikujali. Moyoni nilikuwa nahesabu: limetoka, limetoka, kaka anatoka.

Saa nane mchana Miwani akasimama. "Marekebisho ya kwanza yameshatumwa. Angalieni orodha, hakikisheni."

Orodha ikashuka kwenye skrini. Mstari wa sita:

Kona ya Tisa, ulalo umesahihishwa. Aliyeripoti: Kobe.

Nikashuka kwa arobaini. Gari likapita. Sitini, likapita. Themanini, likashika kama limegundishwa. Kona ilikuwa imelala vizuri kama mkeka.

"Bosi," nikasema, "naomba ile ya zamani."

"Ipi?"

"Kona ya Tisa. Irudisheni."

"Kobe, nimefanya kazi hii miaka tisa. Sijawahi kuona mjaribu anaomba kosa lirudishwe."

Nikamweleza yote. Kaka, mikate, mwalimu, ngazi. Miwani akavua miwani, akaifuta na shati, akairudisha.

"Ya zamani iko kwa wenyewe. Nitawaandikia."

Jioni wakili akalichukua gemu. Mashine yake ilipogusa mtandao tu, lilikuja tayari limerekebishwa.

"Dada," akanipigia, "mimi huku naona kona nzuri."

Nyumbani mama alikuwa ameshika kikombe chake. Nikamsimulia. Akakitazama kile kigari, akainuka, akakifunika juu ya kabati, mdomo chini. Hajakinywea tena.

Kesho yake mlango wa kioo haukunifungukia. Niligonga. Niliwaona wenzangu, waliniona, ndivyo nilivyojua sina kazi tena.

*

Nikaenda kwa Kinyozi. Kajenga upya, ngazi zake ni za zege tupu sasa.

"Baba," nikamwambia, "ulimwona kweli kaka akicheka?"

Alikuwa ananoa wembe.

"Niliona meno, binti."

"Meno?"

"Alikuwa na meno nje. Nikasema anacheka." Akauweka wembe chini. "Mwalimu alinifia mikononi. Ungetaka nimlaumu nani, barabara?"

"Ndiyo."

Akageukia kioo chake. Nilimwacha hapo.

*

Nimefunzwa tangu utotoni kwamba subira huvuta heri. Sibishani na wakubwa. Ila sasa najua subira ni kipaji cha mtu aliye nje ya mlango. Ukiona kitu cha kumtoa mtu ndani, kichukue siku hiyo hiyo. Mimi nilikaa nikasubiri mlango ufunguliwe, kumbe upande wa pili fundi anaujengea tofali, na tofali nilimpa mimi.

Nimeshavunja karatasi. Wakitaka kunishitaki, wanajua ninapopatikana: Jumanne na Alhamisi niko kwenye wavu.

Sasa nakuomba wewe unayesoma. Jina la gemu sitaji, wenye nalo mnalijua, lile lenye barabara ya mlima ya kona kumi na moja. Kama ulilichukua siku ya kwanza, kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana, na mashine yako haijagusa mtandao tangu hapo, labda iliharibika, labda ulisafiri, labda ulilichoka tu, tafadhali usiiunganishe. Iwashe hivyo hivyo. Shuka Kona ya Tisa kwa arobaini. Arobaini tu.

Ukimwagwa, ukajikuta juu ya ngazi tatu nyekundu na nyeupe, niandikie hapa chini.

Kesi inasikilizwa tarehe kumi na nne.

Miwani hajaleta jibu, leo siku ya ishirini na tatu. Ombi hili nimeshaliweka kwenye kurasa nne kabla ya hii. Watu wameweka vidole gumba, wameweka machozi, mmoja ameuliza sehemu ya pili inatoka lini.

Kuhusu kona, bado hakuna aliyeniandikia.