Utando Mweupe Mdomoni na Neno Nililompa Mshenga

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kujisifu kimoyomoyo. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya sayansi, nikapata kazi ya kuandika sampuli kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, nje ya Kahama. Mchumba wangu, Kabula, alikuwa mwalimu Isaka. Mshenga wetu, Mzee Lugata, alikwisha kupeleka posa kwao ikapokelewa.

Vumbi la karasha lilinipa mafua yasiyokwisha. Wachimbaji wakanifundisha dawa yao: rangi mbili, zile kapsuli nyekundu na njano, asubuhi; jioni kidonge cha mafua, kile kinacholeta usingizi. Nilimeza hivyo karibu miezi miwili bila kumwona daktari. Mdomo ulikauka hadi ulimi ukawa unanata kwenye kaakaa. Kisha ukaja utando mweupe, kama maziwa yaliyoganda. Nikaukwangua kwa kijiko, pakatoka damu. Kumeza ugali kukawa kama kumeza mchanga.

"Msomi, una kiazi cha moto mdomoni?" wenzangu walinitania. Nilicheka nimefumba midomo.

Miaka ile, utando wa namna hiyo watu waliupa jina moja tu: ukimwi. Niliwaza, nikawazua, nikawaza tena. Sikuwahi kulala na mwanamke mwingine isipokuwa Kabula. Isaka ni mji wa malori na madereva wa mbali. Yaliyobaki nikayajaza mwenyewe. Sikumwuliza. Nilimwendea Mzee Lugata nikamwambia asimamishe posa, binti ana maradhi na ameniambukiza.

Kwetu neno likishapita kwa mshenga si lako tena. Linafika kwa baba, kwa shangazi, hadi kisimani.

Mama aliona ninakula peke yangu jikoni. "Fungua mdomo, baba," akasema. Alipoona, akanipeleka hospitali siku hiyohiyo.

Daktari, mama wa makamo, aliniuliza ninatumia dawa gani. Nilipomtajia, akaguna.

"Fangasi hawa wamo midomoni mwa watu wengi, labda hata mwangu. Mate ndiyo yanawazuia. Yana protini ambazo mwili unazitengeneza wenyewe, zinawaua na kuwanyima pa kushika. Vidonge vya mafua vimekukausha mate, na rangi mbili imeua bakteria waliokuwa wanawabana. Umewaachia shamba." Akanitazama. "Lakini damu tutapima pia. Usibuni."

Nilitamani ardhi inimeze. Protini zile nilizisoma chuoni. Niliziandika kwenye mtihani nikasifiwa.

Majibu yalitoka: sikuwa na virusi vya ukimwi. Niliacha vidonge, nikawa nakunywa maji na kupakwa dawa ya zambarau mdomoni.

Nilirudi kwa Mzee Lugata. "La kwanza nilikubebea," akasema. "Hili libebe mwenyewe."

Nikaenda Isaka na midomo ya zambarau. Shikamoo yangu, baba yake Kabula hakuiitikia. Nikasema mbele ya wote kwamba nilimsingizia binti yao, kwamba damu yangu ni safi, kwamba ugonjwa niliuleta kwa mikono yangu.

Kabula alinisikiliza hadi mwisho. "Na kama ungekutwa na ukimwi?" akauliza. "Ndiyo ungekuwa na haki ya kunitangaza?"

Kwao waliirudisha posa wiki ileile.

Wiki ya pili utando uliisha. Namshukuru Mungu, mama yangu, na daktari yule aliyeniuliza badala ya kunihukumu. Wewe unayeona weupe mdomoni, usikwangue, usimeze dawa za kuambiwa na wenzako. Nenda ukapimwe. Na majibu yakiwa yoyote, usimtaje mtu.

Nasikia Kabula aliomba uhamisho, sasa anafundisha Runzewe. Kuna wazazi Isaka waliokuwa wamewakataza watoto wao kunywa maji kwenye kikombe chake. Mimi ninakula ugali vizuri. Nimepona.