Tumbo la Tabibu

Kule bwenini Lodwar ungeweza kuruka ua au kusinzia wakati wa ibada, na bado ukahesabiwa mtu. Ila ukimchoma mwenzako, yaani ukimshtaki kwa mwalimu, ulikula peke yako hadi shule ifungwe. Mimi niliiba sukari ya jikoni nikiwa kidato cha pili. Karatasi tupu ya sukari ikakutwa chini ya godoro la rafiki yangu, aliyelala kitanda cha juu yangu. Alichapwa, akafukuzwa wiki mbili, akaenda kwao Kainuk juu ya lori la mbuzi bila kunitaja. Aliporudi aliniambia tu kwamba nimekonda kwa hofu, akacheka.

Alisomea utabibu. Mimi nikawa mwalimu, na tukakutana tena Kakuma, yeye hospitalini, mimi katika shule ya kambi ya wakimbizi. Kazi iliyompa jina ni ya matumbo. Sisi watu wa huku tunaishi na mbwa hadi kwenye vyombo vya kulia, na mbwa hutuachia mayai ya minyoo, ambayo hukua tumboni mwa mtu yakawa mfuko wa maji. Alizunguka hadi Todonyang na mashine yake ya kupiga picha za ndani ya tumbo, akiwalaza akina mama kwenye mkeka kivulini. Aliyekutwa na chale za mganga alikaripiwa mbele ya watu.

"Tumbo si ngozi ya mbuzi, mama. Mbona unamwachia mtu alichanje?"

Jumamosi moja mchana alikuja kwangu kuoga, kwa kuwa mabomba ya kwao yalikuwa yamekauka. Alitoka bafuni kifua wazi, akidhani nimeenda dukani. Chini ya mbavu za kulia tumbo lilikuwa limefura, na juu yake chale mbichi, mistari mitatu.

Aliponiona akaeleza: alijipiga picha mwenyewe, mfuko ni mkubwa, na aliwahi kumshika mkono mgonjwa ambaye mfuko wake ulipasukia kwenye meza ya upasuaji, akafa. Aliogopa kisu. Aliogopa zaidi kulazwa katika wodi ileile, wale mama aliowakaripia wakimtazama.

"Mke wako anajua?"

"Hapana, nalala na shati. Na wewe usinichome."

Mkewe huuza samaki wakavu sokoni, hatua chache tu kutoka shuleni. Ningeweza kumwambia siku ileile. Watu wazima wawili, wenye mvi, na mimi nikajiona mwenye heshima kwa kunyamaza. Ujinga mtupu. Kwa miezi minne nilipita pale nikimsalimu, ejok, ejok, naye akinifungia samaki wa nyongeza.

Mfuko ulipasuka akiwa garini, akirudi kutoka Nadapal alikokwenda kupima watu. Hakufika hospitalini.

Baada ya mazishi mkewe alikuja kukaa karibu nami.

"Mwalimu, wewe ndio ulisoma na yeye. Mimi nimeona hiyo alama ya wembe nikimwosha. Hakukuambia kitu?"

"Hakuniambia."

Akanishika mkono.

"Basi ni sawa. Kama kuna mtu alijua na akanyamaza, huyo mimi singeweza kumwangalia."

Akanimiminia chai, nikanywa.