Mkungu wa Bi Mize na Wezi wa Makaa

Bi Mize, mpika mandazi wa Pete karibu na msitu wa Jozani, alituma ujumbe kwenye ofisi yetu ya uhifadhi: kesho anaukata mti wake wa mkungu. Mti huo mmoja ndio dari na jamvi la kundi zima la kima punju, kima wekundu ambao asili yao ni Unguja tu. Mimi ndiye mtu wa elimu kwa jamii. Kazi yangu, kwa ufupi, ni kumwomba aliyeibiwa ampende mwizi. Nikaondoka.

Saa mbili asubuhi, Mlandege mjini. Nilifunga picha zangu za kufundishia nyuma ya vespa kwa kamba ya kuanikia nguo. Kufika Amani, picha ya kima ikapeperuka. Fundi baiskeli akaiokota, akaikagua.

"Huyu anagombea jimbo gani?"

Saa nne, Pete. Nilimkuta uani akipanga mandazi kwenye beseni.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Umekuja na shoka?"

"Nimekuja na somo."

"Haya, kaa. Ila kesho mwenye msumeno anakuja, na yeye hana somo."

Nikatundika picha, nikaeleza taratibu: kima punju hula majani, hasa machanga, na mti ukikatwa kundi halina pa kwenda. Tena, tusiwape chakula, wasije wakazoea watu.

"Hao wala majani," akasema, "ndio hao nyuma yako?"

Nikageuka. Watatu walikuwa juu ya polo lake, gunia la makaa lililoachwa wazi, wakitafuna vipande kama wageni wa harusini na kashata.

"Mandazi ntapikia nini? Picha zako?"

Nikaziacha picha. Nikamwambia kuwa majani ya mkungu yana sumu kidogo, yanavuruga tumbo. Makaa huinyonya ile sumu. Kwao ni dawa.

Bi Mize alimtazama jike mwenye mtoto kifuani, mdomo mweusi.

"Mimba ya Asha nlikula udongo wa ukutani. Mume wangu akasema ntambomolea nyumba."

"Ukaacha?"

"Niache vipi? Tumbo lilitaka!" Akacheka mpaka kanga ikamvuka begani.

Tuliliburura polo hadi jikoni, tukaufunika mdomo wake kwa kinu. Chenga zilizobaki akazimwaga palepale anapomwaga siku zote, nyuma ya mkungu.

"Mwalimu, umesema tusiwape chakula. Makaa ni chakula?"

Niliitazama picha yangu, nayo haikunisaidia. "Unamwaga taka zako, Bi Mize."

Akampigia simu mwenye msumeno asije. "Wakilifunua polo," akaniambia, "wewe ndo utakuja kulilalia."

Alasiri, njia ya kurudi. Nilikuwa nimebeba picha saba, na kilichomgusa kilikuwa tumbo lake mwenyewe. Safari ijayo nitaanza kwa kuuliza.

Amani, fundi alinipungia. "Mgombea wako vipi?"

"Kashinda kwa kura moja," nikamjibu. "Kapigiwa na aliyeibiwa."