Kibandiko Changu Chekundu

Asubuhi ile ya mwisho tulikula ukoko wa wali uliochemshwa, na kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha yenye pilipili. Ulikuwa mwezi wa kumi, mavuno yameingia. Mpunga wetu tuliuanika ukingoni mwa barabara, pale kwenye kona, kama watu wote wa huku Jeolla, kusini mwa Korea. Lami hukausha upesi kuliko uwanja.

Mke wangu Bok-rye alichukua reki aende kuugeuza.

"Vaa ile fulana inayong'aa, Mama Pil-su," nikamwambia.

"Nimeshaivaa. Wewe macho yote yako kwenye bakuli."

Hakurudi. Aliyemgonga kwa gari ni mzee kama mimi, jua lilimpiga machoni. Simlaani.

Linalonikaba ni jambo la kabla ya hapo, wakati miti inachipua. Maofisa wa wilaya walikuja ukumbini kwetu na ramani kubwa. Wakasema wana fedha za kivuko kimoja tu cha waenda kwa miguu, chenye taa, na kitajengwa penye vibandiko vingi. Kila mtu akapewa kibandiko chekundu, akibandike pale anapoogopa kuvuka.

Bok-rye akabandika chake kwenye kona. Yeye alijifunza kusoma akiwa na miaka sabini, pamoja na mabibi wenzake. Mimi sikusoma. Kwenye ramani ile niliona mistari tu, kama mishipa ya jani la kabichi. Nikaona haya kuuliza. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameweka kidole kwenye ramani, mbele ya ukumbi, tunapochezea karata.

"Hapa, kaka! Au unataka tugongwe tukitoka kulewa?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikabandika hapo hapo.

Ukumbi ukapata vibandiko kumi na moja. Kona, kumi.

Kivuko kikajengwa mbele ya ukumbi. Taa zake zinawaka vizuri.

Baada ya maziko maofisa walirudi na ramani yao. Safari hii nilimwambia yule binti wa wilaya, mbele ya wote, "Mwanangu, mimi ramani siijui. Nionyeshe kona." Akanionyesha. Nikabandika.

Siku ile ya kibandiko cha kwanza, tukirudi nyumbani, nilimweleza Bok-rye ukweli. Hakunigombeza. Alisimama, akaegemea kigari chake cha kutembelea, akasema:

"Si ungeniuliza, mzee wangu? Ningekushika kidole, nikakipeleka penyewe."